Tumbo lisilonyamaza: tupime kwanza, dawa ikuje nyuma



Katika vijiji vinavyozunguka Likasi, upande wa Kambove na upande wa mto Lufira, kuna ugonjwa ambao tumeuzoea mpaka tunauhesabu kama tabia ya mtu. Ni kuhara kusikoisha. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, tumbo halinyamazi. Watu wanasema: "Ule baba, tumbo yake iko vile tu." Mwezi wa Novemba mvua inaanza, wenzake wanapanda mahindi, yeye anafika shambani jua limeshapanda. Januari palizi inamshinda na majani yanameza shamba. Siku ya kuvuna, mifuko yake ni nusu ya mifuko ya jirani, na sehemu ya ile nusu imeshauzwa juu ya kununua dawa.

Dawa gani? Karibu kila mara ni ileile: vidonge vya Flagyl, vinavyouzwa kimoja kimoja ku farmasi ao sokoni. Anakunywa siku mbili tatu, tumbo linapumua kidogo, anaacha. Nyuma ya wiki mbili kuhara kunarudi, ananunua tena. Mwisho wa mwaka ametoa feza mingi, na mpaka leo hakuna mtu anayejua anaumwa nini.

Mawazo yangu ni haya: koperative yenye sanduku la kusaidiana ianze kulipa kipimo cha choo kabla ya kulipa dawa ya tumbo. Kuhara kukipita wiki mbili, memba aende ku labo kwanza, dawa ikuje nyuma. Najua wengine hawatakubali. Naomba wasome mpaka mwisho, nyuma ya pale tubishane katika mkutano.

Si kila kuhara kunaomba labo

Tutenganishe mambo mawili. Kuhara kwa ghafula, kwa siku moja, mbili, tatu, si neno la kungojea kipimo. Pale kazi ya kwanza ni kurudisha maji mwilini: maji ya chumvi na sukari yenye kipimo sawa, ile poda ya SRO inayopatikana ku kituo cha afya. Mtoto anapewa pia zinki kwa siku 10 mpaka 14, na mama asiache kumnyonyesha. Mtu akiharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, mara nyingi, na macho yanaingia ndani, inaweza kuwa kolera. Haut-Katanga tunaijua kolera. Huyo apelekwe saa ileile, usiku ao mchana. Kumngojesha majibu ya labo ni kumuua.

Mimi nasema juu ya kuhara kwa namna ingine. Kukipita siku 14, waganga wanakuita kuhara kunakoendelea. Kukipita wiki 4 kwa mtu mkubwa, kunaitwa kuhara sugu. Hapa mwili umeshatuonyesha kwamba ugonjwa hautaondoka peke yake. Kama kuna damu katika choo, kama mtu anakonda, kama kuna homa ya jioni, kama ni mtoto ao mama mwenye mimba, hata zile siku 14 usizimalize nyumbani.

Jani la njano lina sababu nyingi

Mkulima anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Jani la mahindi likigeuka njano, inaweza kuwa udongo umekosa azoti. Inaweza kuwa maji yamesimama na mizizi inakosa hewa. Inaweza kuwa virusi vya milia vinavyoletwa na mdudu mdogo anayeruka. Inaweza kuwa udongo wetu mwekundu una asidi mingi na mbolea haishiki mpaka utie chokaa. Dalili ni moja, sababu ni nne. Mtu anayemwaga urea kila mara anapoona njano anatupa feza: urea haiponyeshi virusi, wala haikaushi maji. Agronome akija, kwanza anachimba, anaangalia mizizi, anauliza.

Tumbo ni vilevile. Kuhara ni jani la njano la mwili. Tuangalie sababu zinazojulikana sana katika nchi zetu, na dawa ya kila moja.

Ya kwanza ni jiardia. Ni kiumbe kidogo kinachoingia na maji machafu. Choo kinakuwa chepesi, kinanuka sana, kina mafuta, na tumbo linajaa hewa. Si ugonjwa mupya. Mwaka 1681, Antonie van Leeuwenhoek, mtu wa mji wa Delft kule Uholanzi aliyejitengenezea mikroskopi zake, alikuwa na tumbo la kuhara. Akaangalia choo chake mwenyewe, akaona viumbe vinavyotembea. Wataalamu wanakubali kwamba aliona jiardia. Kama yeye hakuona haya, sisi tuone haya juu ya nini? Flagyl inaua jiardia.

Ya pili ni amiba wa kweli, yule anayekula ukuta wa utumbo. Choo kinakuja na damu na makamasi. Flagyl inamuua, lakini mara nyingi lazima ifuatwe na dawa ya pili ya kumaliza mayai yanayobaki ndani ya utumbo. Wengi hawapewi ile ya pili, njo maana ugonjwa unarudi.

Ya tatu ni bilharzia ya tumbo, yaani kichocho. Inaingia kupitia ngozi, mtu akisimama katika maji yenye konokono: pembeni ya bwawa, ku mfereji wa bustani, mtoni pale tunapofulia. Mdudu wake anakaa katika mishipa ya damu kwa miaka, anataga mayai, na mayai yanaumiza utumbo na ini. Nyuma ya miaka mingi tumbo linavimba na mtu anaweza kutapika damu. Dawa yake ni prazikwanteli. Flagyl haimfanyi kitu.

Ya ine ni mnyoo mmoja mwembamba sana, strongiloidi. Anaingia kupitia miguu isiyo na viatu, katika udongo wenye kinyesi. Ubaya wake ni kwamba anazaana ndani ya mtu bila kutoka, kwa hiyo anaweza kukaa makumi ya miaka. Dawa yake ni ivermektini, ileile wanayoita Mectizan katika kampeni ya upofu wa mtoni, lakini munganga njo anapaswa kuitoa. Nasikiliza mara mingi watu wakisema kwamba vidonge vya dekzametazoni vinanonesha. Mtu mwenye strongiloidi akimeza vile, ulinzi wa mwili unaanguka, mnyoo anasambaa mpaka mapafuni, na mtu anaweza kufa. Huyo mtu hakujua ana mnyoo, kwa sababu hakuna aliyempima.

Ya tano ni kundi la viumbe vidogo sana vinavyoitwa kriptosporidiumu na isospora. Vinaweza kumpata mtu yeyote, zaidi watoto, lakini kwa mtu ambaye ulinzi wa mwili umepungua vinaleta kuhara kwa maji kwa miezi. Isospora inatibiwa na kotrimoksazoli, ile Bactrim tunayoijua. Kriptosporidiumu kwa mtu mwenye virusi vya sida inashindwa pale tu anapoanza dawa za virusi na mwili wake unapata nguvu tena. Flagyl hapa ni kazi bure.

Tuhesabu sasa. Katika makundi haya matano, Flagyl ina kazi katika mawili tu. Na bado kuna kifua kikuu cha tumbo, kuna ugonjwa wa sukari, kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, kuna watu ambao tumbo lao halipokei maziwa, kuna kansa ya utumbo kwa watu wenye umri. Anayenunua Flagyl bila kupima anacheza bahati nasibu na mwili wake.

Historia yetu wenyewe inatufundisha

Kuna sababu kubwa zaidi ya kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Rakai kule Uganda, watu walianza kukonda na kuhara bila kuacha. Wenyeji wakauita ugonjwa ule "Slim", juu ya vile mtu alivyobaki mifupa. Wengine wakasema ni uchawi. Mwaka 1985, waganga wa Uganda, kati yao David Serwadda, pamoja na wenzao wa Uingereza, walipima damu za wagonjwa na kuonyesha kwamba ni virusi vya sida.

Huku kwetu ilikuwa vilevile. Katika hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa, daktari Kapita Bila alikuwa anawaona wagonjwa wa namna ile: kukonda, homa, kuhara kwa miezi. Oktoba 1983 kikundi cha wataalamu, Peter Piot akiwa ndani, kilikuja kuangalia pamoja na waganga wa Zaire. Mwaka 1984 kazi ya uchunguzi iliyoitwa Projet SIDA ikaanza palepale. Mwaka 1985, katika mkutano wa Bangui, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya dalili kwa nchi zisizo na labo: kupoteza zaidi ya sehemu 10 juu ya 100 ya uzito, kuhara kupita mwezi, homa kupita mwezi. Orodha ile ilisaidia, kwa sababu hakukuwa njia ingine. Lakini ilikuwa inachanganya: mtu wa kifua kikuu peke yake aliweza kuhesabiwa kama mtu wa sida.

Leo hatuko tena mwaka 1985. Kipimo cha virusi vya sida ni tone la damu ya kidole na kungojea dakika kama 20. Katika programu ya taifa, kipimo na dawa za virusi havilipishwi. Anayeanza dawa mapema anaweza kulima, kuzaa watoto wazima na kuzeeka. Kwa hiyo mtu mkubwa mwenye kuhara sugu lazima aambiwe kwa heshima: "Baba, tukupime na hii pia." Haina maana kwamba anayo.

Na tuseme ukweli wa kijiji. Mtu akikonda na kuhara, kelele inaanza nyuma ya nyumba: "Aah, ule, tunajua iko na nini." Wanawake wanaacha kununua lengalenga zake. Mtoto wake anachekwa masomoni. Kumbe mtu ana jiardia, ugonjwa wa dawa ya siku chache. Bila kipimo, hana namna ya kujitetea. Kipimo kinamwokoa mwenye virusi kwa kumpeleka ku dawa, na kinamwokoa asiye navyo kwa kumwondoa midomoni mwa watu.

"Amiba" na "tifoide" za kila mtu

Sasa niseme neno ambalo halitafurahisha watu wote wa labo. Si kila karatasi yenye muhuri ni kipimo kizuri.

Kuna karatasi mbili tunazoziona kila siku. Ya kwanza inasema "amiba". Lakini kuna amiba wa namna mbili wanaofanana kabisa katika mikroskopi: mmoja ni mgonjwa, mwingine anakaa tu tumboni bila kumuumiza mtu. Mwenye kuona mayai ya amiba tu hawezi kukuapia kwamba njo sababu ya kuhara kwako. Alama yenye nguvu ni kumuona amiba anayetembea na chembe nyekundu za damu ndani yake. Muulize mtu wa labo: "Uliona mayai, ao ulimuona mwenye kutembea? Alikuwa amekula damu?" Ni haki yako kuuliza.

Karatasi ya pili inasema "tifoide", kwa kipimo cha Widal. Tifoide ni ugonjwa wa kweli na unaua. Lakini Widal moja peke yake inadanganya mara mingi: inaweza kuonyesha ugonjwa uliopita zamani, ao homa ingine kabisa. Na tifoide kwanza ni ugonjwa wa homa. Mtu asiye na homa, anayehara tangu miezi mitatu, kumtibu tifoide mara ine kwa mwaka kwa sababu ya Widal ni kumaliza mfuko wake na kufundisha vidudu kushinda antibiotiki. Siku atakapopata tifoide ya kweli, dawa haitasikia.

Njo maana ninaomba kipimo chenye maana. Kwa kuhara sugu, kipimo cha kuanzia ni hiki: choo kiangaliwe kingali kibichi, kisha kitayarishwe kwa njia ya kukusanya mayai na minyoo, kwa sababu kuangalia tone moja tu kunapoteza vingi, kwa bilharzia, ile njia ya Kato-Katz, na pale panapokuwa na shaka, rangi ya pekee ya kuonyesha kriptosporidiumu na isospora. Pamoja na choo, kipimo cha virusi vya sida, damu kuangalia kama imepungua, na sukari. Haya si mambo ya Kinshasa peke yake. Sehemu kubwa inaomba mikroskopi nzuri na mtu mwenye kujua na mwenye uvumilivu. Yanayoshindikana Likasi yanaweza kupelekwa Lubumbashi, ku Jason Sendwe ao ku kliniki za chuo kikuu, mwendo wa kilomita kama 120 kwa barabara.

Namna ya kupeleka choo ku labo

Kipimo kinaharibika mara mingi kabla ya kufika. Mkulima anajua: mbegu mbaya, mavuno mabaya. Tufanye hivi.

Usinywe dawa kwanza. Antibiotiki, Flagyl, dawa ya minyoo, mafuta ya mbarika, vyote vinaficha wadudu. Kama umeshakunywa, mwambie munganga ukweli, na jina la dawa.

Chukua chombo kisafi, kikavu, chenye mufuniko. Kuna vinavyotolewa ku labo. Kama ni chupa ya nyumbani, ioshwe, ichemshwe, ikauke. Isiwe ya dawa ya shamba hata kama umeiosha mara kumi.

Choo kisichanganyike na mkojo, wala maji, wala udongo. Unaweza kutandika jani kubwa la mgomba ao karatasi safi, kisha uchote kwa kijiti. Kiasi cha njugu kubwa mbili kinatosha. Kama kuna damu ao makamasi, chota palepale.

Kama ni choo cha maji chenye damu, dakika ni za kuhesabu. Amiba anayetembea anakufa upesi, ndani ya nusu saa hivi haonekani tena vizuri. Huyo mgonjwa afike yeye mwenyewe na kutoa choo ku labo. Choo kigumu kinaweza kungojea masaa machache kivulini, si juu ya jua, si ndani ya mfuko wa pikipiki yenye moto.

Andika jina, siku na saa juu ya chombo. Na peleka mara tatu, si mara moja: kila nyuma ya siku mbili ao tatu. Jiardia na wengine hawatoki kila siku. Leo choo kinaonekana kisafi, kesho kutwa wamejaa. Anayesema "nilipima, hawakuona kitu" nyuma ya choo kimoja, bado hajapima.

Majibu yakitoka, omba karatasi inayosema ni nini kilionekana na kwa njia gani. Ukimaliza dawa na kuhara kumebaki, rudi kupima. Usinunue dawa ya pili kwa kuwaza tu.

"Lakini feza iko wapi?"

Najua maneno yatakayokuja katika mkutano.

La kwanza: "Kipimo ni bei." Ni kweli, hasa kwa mtu ambaye unga wa mahindi unampandia bei kila Februari. Lakini tuweke hesabu juu ya meza. Kila memba achukue kalamu aandike dawa zote za tumbo alizonunua tangu mavuno yaliyopita, na siku alizokosa shamba, na kibarua aliyelipwa kupalilia badala yake. Aweke pembeni bei ya vipimo vitatu vya choo ku kituo chake. Sitaandika namba hapa, kwa sababu bei zinabadilika. Kila mtu afanye hesabu yake, na aseme ni upande gani mzito.

La pili: "Labo ya kwetu haina kitu. Umeme unakatika, mikroskopi ni ya zamani." Mara ingine ni kweli. Lakini mikroskopi yenye kioo cha kuchukua mwanga wa jua inafanya kazi bila umeme. Na labo inapata nguvu pale watu wanapoidai. Labo isiyoombwa kitu kingine ila Widal na malaria itabaki na Widal na malaria. Koperative ikija na watu 80 na kusema "tunataka kipimo cha kukusanya mayai, tutaleta wagonjwa wetu hapa", zone ya afya itasikiliza.

La tatu: "Ni haya, kubeba mavi barabarani." Haya tunayo sote. Lakini mbona tunabeba mbolea ya kuku ku kichwa na hatuoni haya? Chombo kikifunikwa na kutiwa ndani ya mfuko mweusi, hakuna mwenye kujua.

La ine: "Mizizi ya babu inatosha." Sina vita na mizizi. Lakini nayo ni dawa bila kipimo. Pima kwanza, na mwambie munganga kama unakunywa mizizi.

Tunaloweza kuamua mwaka huu

Kwanza, kila koperative itenge feza ya vipimo, peke yake, isichanganywe na likelemba wala na feza ya mbegu. Kwa mfano, kilo moja ya mahindi juu ya kila mfuko unaoingia depo. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

Pili, komite izungumze na kituo kimoja cha afya chenye labo, waandike bei moja kwa wanamemba wote, na orodha ya vipimo vinavyoingia ndani ya bei ile. Asiingie mtu wa katikati.

Tatu, komite ilipe risiti, isisome majibu. Hii ni muhimu kuliko zote. Majibu ni ya mgonjwa na munganga wake. Prezidenti wa koperative, hata akiwa mjomba wako, hana ruhusa ya kujua. Siku moja tu siri ikitoka, hakuna memba atakayerudi kupima, na feza yote tuliyotenga itakuwa imepotea.

Ine, tuombe kituo kitupe hesabu bila majina, kila miezi mitatu: ni wangapi walipatikana na bilharzia, wangapi na jiardia, wangapi na minyoo, na wanatumia maji gani. Hapa njo kipimo kinarudi shambani. Kama wagonjwa wa bilharzia wote ni wa bustani ya mfereji mmoja, ugonjwa uko katika mfereji. Tutaleta mabuti, tutakata majani yenye konokono, tutaomba prazikwanteli kwa familia zote za pale. Kama ni jiardia, tuangalie kisima na vyoo vilivyo juu yake.

Kama ni watoto wadogo wenye kriptosporidiumu, tuangalie wanapocheza. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa ndani, ulimweka kiumbe huyu kati ya sababu kubwa za kuhara kukali kwa watoto wachanga. Anapatikana pia katika kinyesi cha ndama. Na klori tunayotia ndani ya maji haimuui, kuchemsha kunamuua. Tungemwaga klori miaka na miaka bila kuelewa kwa nini watoto bado wanahara.

Na mbolea ya kinyesi kibichi isiingie tena katika mboga zinazoliwa mbichi. Tuirundike, tuigeuze, tuiache ipate moto wake na kuiva vizuri kabla ya kuimwaga.

Kabla ya mvua ya Novemba, kila komite iweke jambo hili katika mkutano mmoja na ipige kura: je, tutatenga kilo moja kwa mfuko juu ya vipimo, ndiyo ao hapana? Koperative itakayosema hapana ituandikie sababu, tutaiweka katika ukurasa huu huu. Itakayosema ndiyo, iende ku kituo chake wiki inayofuata, ikaulize bei. Wakati tunabishana, kuna mwenzetu ambaye tumbo lake halijanyamaza tangu mavuno, na bado hajui jina la ugonjwa wake.